Pengo la maarifa ya siasa kati ya wafuasi wa vyama: ni la watu au ni la dodoso?

#1 Kalamu Kavu

Wakuu, habari za jioni. Kuna hoja inanisumbua wiki nzima, naileta hapa tuipasue pamoja.

Kila utafiti wa maoni ukitoka tunaambiwa jambo lile lile: wafuasi wa chama hiki wanajua mambo ya nchi yao, wa chama kile wamepotoka. Waulize kama ukosefu wa ajira umepanda au umeshuka, wa huku watasema umeshuka, wa kule watasema umepanda, na takwimu ni moja tu. Kesho yake magazeti yanaandika kwamba watu wanaishi katika dunia mbili.

Mimi nasema sehemu kubwa ya pengo hilo inatengenezwa na dodoso lenyewe. Nitatumia hesabu ya mfano tu. Chukua watu 100 wa chama A, ambacho rais wake yuko madarakani, na 100 wa chama B. Kila upande wapo 40 wanaojua kwa hakika kwamba ukosefu wa ajira umeshuka, na 60 hawana habari. Dodoso halina "sijui", ni umepanda au umeshuka. Wale 60 wa A watajiambia: rais ni wetu, mambo yatakuwa mazuri. Tuseme 45 wanasema umeshuka. Wale 60 wa B wanawaza kinyume, 15 tu wanasema umeshuka. Jumlisha sasa. A wamepata 85, B wamepata 55. Pengo ni 30.

Sasa weka "sijui" kwenye machaguo. Kati ya wale 60, watu 40 kila upande wanaichukua. Waliobaki 20 wanabahatisha kwa uwiano ule ule, yaani A wanapatia 15 na B wanapatia 5. A ni 55, B ni 45. Pengo limekuwa 10. Hakuna aliyejifunza kitu hapo katikati wala aliyesahau. Kilichobadilika ni kisanduku kimoja kwenye karatasi.

Nipingeni.

#2 Mpita Mtaa

Leo Kalamu wino umejaa. Nimekaa mstari wa mbele.

#3 Msoma Majedwali

Hesabu yako ni safi, lakini umechagua namba zinazokufaa. Hebu tuje kwenye data halisi.

Mwaka 1988, uchunguzi mkubwa wa uchaguzi wa Marekani, ule wa ANES, uliwauliza watu walinganishe mfumuko wa bei na ulivyokuwa mwaka 1980: umekuwa afadhali, uko vile vile, au umekuwa mbaya zaidi? Ni miaka minane ya Rais Reagan, Mrepublikan. Mfumuko ulishuka kutoka asilimia 13.5 mwaka 1980 hadi 4.1 mwaka 1988. Halikuwa badiliko dogo la kumpita mtu bila kuliona. Mtafiti wa siasa Larry Bartels alipozichambua data hizo akakuta zaidi ya nusu ya Wademokrat wakereketwa wanasema umekuwa mbaya zaidi.

Angalia machaguo, Kalamu. Palikuwa na "uko vile vile". Mtu asiyejua alikuwa na mahali pa kujificha, na hakujificha. Alikwenda moja kwa moja kwenye jibu linalomuumiza rais wa upande wa pili. Kisanduku chako cha "sijui" kingemwokoa vipi?

#4 Chaki Nyeupe

Msoma Majedwali, naheshimu, ila mfano wako una tundu. Nafundisha hesabu, na kila mwaka nakutana na kosa hili darasani. Ukisema mfumuko wa bei umeshuka, wanafunzi wengi wanasikia bei zimeshuka. Mfumuko ni kasi ya kupanda. Kasi ikipungua, bei bado zinapanda. Kwa hiyo mwaka 1988 mama aliyekwenda sokoni alikuta kila kitu ni ghali kuliko mwaka 1980, na hapo hakuna uongo.

Swali lilipima vitu viwili kwa mkupuo: kama unajua hali ya uchumi, na kama unajua maana ya neno.

#5 Msoma Majedwali

Chaki, nimekubali kuhusu neno. Sasa nijibu hili: Warepublikan nao walikwenda masoko yale yale na neno lilikuwa lile lile. Mbona wao hawakusema "mbaya zaidi" kwa kiwango hicho?

#6 Chaki Nyeupe

Kwa sababu swali lenye maana mbili huacha nafasi, na nafasi ikiachwa wazi chama ndicho kinaingia. Anayempenda rais anachagua ile maana inayomsifu, asiyempenda anachagua nyingine. Swali lingenyooka, nafasi ingekuwa finyu. Hapo mimi niko na Kalamu.

#7 Dada wa Kishikwambi

Salaam wote. Nimefanya udodosaji miaka sita, niwaambie ninachokijua kwa miguu yangu.

"Sijui" mara nyingi ipo kwenye kishikwambi lakini hatuisomi. Maelekezo ya mafunzo huwa hivi: usiitaje, na mhojiwa akiitamka yeye mwenyewe, rudia swali mara moja kabla ya kuiandika. Na timu yenye "sijui" nyingi msimamizi anaiita kikao jioni. Kwa macho yake, "sijui" nyingi maana yake mdodosaji ni mvivu.

Kuna mzee mmoja simsahau. Alikuwa barazani anafungua redio mbovu, skrubu kazipanga kwenye kifuniko cha kopo, jirani yake kaketi pembeni. Nikamuuliza ukosefu wa ajira mwaka uliopita umepanda, umeshuka au umebaki vile vile. Akajibu bila kuinua kichwa, "Hilo mimi sijui, binti yangu." Nikarudia kama nilivyofundishwa. Safari hii akaweka bisibisi chini, akamtazama jirani, wakacheka wote wawili, akasema, "Andika umepanda. Si tunajua nani anatawala?"

Nikaandika umepanda. Kwenye faili la data mzee yule na mtu aliyeamini kwa moyo wake wote wana namba moja, 1. Hakuna safu ya kuandika kwamba alicheka.

#8 Pima Kwanza

Dada, bandiko lako limeeleza jambo ambalo watu wamelifanyia majaribio. Watafiti Bullock, Gerber, Hill na Huber walichapisha mwaka 2015 kazi yao kuhusu hili. Wahojiwa waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilijibu maswali ya ukweli wa kisiasa kama kawaida, jingine likaahidiwa malipo madogo kwa jibu sahihi. Pengo kati ya Wademokrat na Warepublikan likapungua kwa zaidi ya nusu. Kisha wakawalipa pia wanaosema "sijui", kiasi kidogo kuliko cha jibu sahihi, na pengo likapungua kwa karibu asilimia 80.

Mwaka huo huo Prior, Sood na Khanna nao walifika karibu na hapo kwa maswali ya uchumi. Si pesa peke yake iliyofanya kazi kwao. Hata maneno ya kumsihi mhojiwa ajibu kwa usahihi yalipunguza upendeleo.

Kwa hiyo mzee wa redio angelipwa, huenda angebaki na jibu lake la kwanza.

#9 Kinara wa Kona

Pima Kwanza ndiyo umelimaliza. Watu wanashangilia timu, basi. Kumbukeni ile ya picha za kuapishwa kwa Trump 2016, nusu ya wapiga kura wake waliangalia picha mbili wakasema ya kwake ina watu wengi wakati uwanja uko wazi kabisa.

#10 Msoma Majedwali

Kinara, turekebishe kabla haijasambaa. Uchaguzi ulikuwa 2016, kuapishwa ni Januari 2017. Schaffner na Luks waliwaonyesha watu picha mbili zisizo na majina, moja ya Obama 2009 na moja ya Trump 2017, na nusu ya watu hao wakaulizwa ni picha ipi ina watu wengi zaidi. Waliokosea kati ya wapiga kura wa Trump walikuwa asilimia 15. Wa Hillary Clinton, mpinzani wake, asilimia 2, wasiopiga kura asilimia 3. Nusu haipo.

Na hesabu hii ina pande mbili. Ni kweli, hilo swali halihitaji maarifa, linahitaji macho tu, kwa hiyo anayekosea kwa kukusudia anashangilia. Lakini wapiga kura wake 85 kati ya 100 walisema kile walichokiona. Kama ushangiliaji ndio unaoeleza kila kitu, mbona hapo ambapo ungekuwa rahisi kuliko popote walioufanya ni wachache?

#11 Kinara wa Kona

Nimerekebishwa, asante.

#12 Mzee wa Mafaili

Vijana mnabishana kuhusu mhojiwa na mdodosaji, mmemsahau mtu wa tatu: anayesahihisha.

Niliwahi kukaa miezi minne kwenye chumba cha kuainisha majibu ya kujaza. Swali lilikuwa kutaja wadhifa wa kiongozi fulani. Mwongozo ulitaka jina kamili la cheo. Mtu akiandika "yule mkubwa wa mahakama", tunaweka 0. Aliyeandika "mchezaji mpira" naye 0. Nilimuuliza msimamizi kama hawa wawili ni sawa, akasema mwongozo ndio huo.

Baadaye nikaja kujua hata wakubwa yaliwakuta. Kwenye ANES ya 2000 waliuliza William Rehnquist ana kazi gani. Alikuwa Jaji Mkuu wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Jibu lisilotaja ujaji mkuu na Mahakama ya Juu kwa pamoja lilihesabiwa kosa. Gibson na Caldeira walipoyarudia majibu yenyewe wakakuta watu wengi walioandikwa hawajui walikuwa wanajua vizuri tu kwamba ni jaji wa mahakama hiyo. Miaka mingi watu wameandika jinsi wananchi walivyo wajinga kuhusu mahakama yao, na ujinga mwingine ulikuwa wa mwongozo.

Sasa fikiria wafuasi wa chama kimoja ni watu waliozoea lugha ya ofisi, wa chama kingine wanaongea lugha ya kawaida. Umepata pengo la vyama kabla hujaangalia maarifa.

#13 Kalamu Kavu

Mzee wa Mafaili, shikamoo. Hilo la mwongozo sikuwa nimelifikiria kabisa.

Msoma Majedwali, swali lako la asilimia 85 ni zito. Jibu langu ni kwamba picha ni kitu kilicho wazi mno. Ushangiliaji na ubahatishaji unapata nguvu pale mtu asipokuwa na uhakika. Mzee wa redio wa bandiko la Dada hakuwa anajua halafu akadanganya. Alisema hajui, akasukumwa, ndipo akaazima jibu kutoka chama chake. Ndiyo maana bado nasema: wekeni "sijui", na isomwe kwa sauti.

#14 Bisha Hodi

Kalamu, unaishikilia "sijui" kana kwamba ni dawa isiyo na madhara. Ina yake.

Mtafiti Jeffery Mondak ameandika kuhusu hili tangu miaka ya 1990 mwishoni. Kusema "sijui" ni tabia pia, zaidi ya kuwa kipimo cha kutojua. Wapo watu wenye kujiamini ambao hawaitamki hata wakiwa gizani, na wapo waangalifu wanaoisema hata wakiwa na jibu ulimini. Mwaka 2004 yeye na Anderson walionyesha kwamba karibu nusu ya pengo la maarifa ya siasa kati ya wanaume na wanawake Marekani lilitokana na wanaume kubahatisha na wanawake kusema "sijui". Anayebahatisha akipatia anapewa alama, mwangalifu anapata 0.

Sasa chukua vyama viwili, kimoja kina wanawake wengi zaidi. Ukiweka "sijui" na kuihamasisha, umekinyima chama hicho alama kwa sababu isiyohusiana na chama. Umeziba pengo moja umefungua jingine.

#15 Pima Kwanza

Bisha Hodi, hoja ni ya kweli ila isiachwe peke yake. Luskin na Bullock mwaka 2011 walijibu upande wa pili: wengi wa wanaosema "sijui" hakika hawajui. Ukiwasukuma wachague, kupatia kwao hakupiti sana kile ambacho mtu angepata kwa ana ana ana doo. Maarifa yaliyojificha nyuma ya "sijui" ni machache.

Lakini maswali mengi ya aina hiyo ni ya cheo cha nani na chama gani kina wabunge wengi. Hapo anayebahatisha anatawanyika. Kwenye swali la "mambo yameharibika au yametengemaa chini ya rais huyu", ubahatishaji hautawanyiki, unaegemea chama. Nadhani hapo ndipo hesabu ya Kalamu inasimama vizuri zaidi kuliko yeye mwenyewe alivyoieleza.

#16 Nyota Njema

Mimi naona mnaanza mbali. Nani alichagua maswali?

Mwaka 2010 Daniel Klein na Zeljka Buturovic walichapisha matokeo ya uchunguzi wa uelewa wa uchumi Marekani. Maswali 8. Watu wa mrengo wa kushoto walifanya vibaya sana, wa kulia na wale wapenda soko huria wakang'ara. Ikasambaa. Wakosoaji wakasema: maswali yenu yote yanagusa imani za kushoto, mfano kama kanuni za ujenzi zinapandisha gharama ya nyumba. Hayapo yanayowauma wa kulia.

Wakarudi na kuongeza maswali 9 yanayowauma watu wa upande mwingine. Ubora wa kulia ukayeyuka, kila kundi likaanguka pale palipogusa imani yake. Klein, ambaye yeye mwenyewe ni mtu wa soko huria, aliandika hadharani mwaka 2011 kwamba alikosea. Namheshimu sana kwa hilo.

Kwa hiyo kabla ya kugombania kisanduku cha "sijui", hesabuni kwanza: kati ya maswali yenu, mangapi jibu lake sahihi linakipendeza chama A, mangapi linakipendeza B?

#17 Msoma Majedwali

Nyota, hilo la 2010 lina kipengele kingine kinachomhusu Kalamu. Waliojibu "sina hakika" hawakuhesabiwa kuwa wamekosea. Kosa lilikuwa kwa aliyeshikilia jibu baya. Kwa hiyo "sijui" ilikuwepo, ilisamehewa, na pengo la uongo likatokea vile vile kwa sababu ya uteuzi wa maswali.

#18 Kalamu Kavu

Hapo nimeguswa. Nakubali "sijui" haitoshi.

#19 Mpita Mtaa

Andikeni tarehe, Kalamu amekubali kitu.

Mimi si msomi wa mambo haya, ila nina swali la kweli. Mwezi uliopita niliombwa kutathmini huduma ya mgahawa mmoja. Chakula kitamu sana, mhudumu alikuwa na kiburi. Fomu ikauliza chakula tu. Nikaweka nyota mbili kati ya tano, maana sikuona pengine pa kusema kero yangu. Je, kwenye siasa watu hawafanyi hivi?

#20 Pima Kwanza

Mpita Mtaa, umetaja jambo hilo kwa mfano ule ule walioutumia watafiti. Gal na Rucker mwaka 2011 waliandika kuhusu kujibu swali ambalo hukuulizwa, na mgahawa wenye chakula kizuri na huduma mbaya umo. Mtu akiulizwa chakula pekee anakishusha kwa sababu ya mhudumu. Akipewa nafasi ya kusema huduma nayo, alama ya chakula inarudi.

Yair na Huber mwaka 2020 wakaipeleka kwenye ushabiki wa vyama. Watu walipewa maelezo ya mtu na kuulizwa ana mvuto wa sura kiasi gani. Wa chama pinzani alishushwa. Walipopewa nafasi ya kusema pia wanavyoziona tunu za mtu huyo, ile tofauti ya sura ikapungua. Hasira ilikuwa inatafuta mlango.

Kwa hiyo "ajira zimepungua" pengine inamaanisha "simtaki rais huyu", na swali la kumkubali au kumkataa rais halikuwepo, au lilikuwa kurasa tatu mbele.

#21 Bisha Hodi

Nataka kurudi kwenye pesa za bandiko #8, maana zimepita bila kuhojiwa.

Ukimwambia mtu nitakulipa kwa jibu sahihi, umemuuliza swali jipya: "Wewe mwenye karatasi, unadhani sahihi ni ipi?" Mtu asiyeziamini takwimu za serikali anaweza kuijua namba ya serikali, akakupa uipendayo, akachukua chake, na akaondoka anaamini ya kwake. Pengo limefutika kwenye faili, moyoni liko pale pale. Je, tumepima maarifa au tumepima uwezo wa kumsoma mtahini?

Na si kila jaribio la motisha limelifuta pengo. Peterson na Iyengar mwaka 2021 walilipa na wakawaruhusu watu kutafuta habari kabla ya kujibu. Pengo lilipungua, lakini sehemu kubwa ilibaki, na kila upande ukakimbilia vyanzo vyake. Adam Berinsky naye alijaribu mwaka 2018 kwa uvumi mkali, ukiwemo ule kwamba Obama ni Mwislamu, akapata ushahidi mdogo sana kwamba watu wanasema hivyo kwa kushangilia tu. Wengi walimaanisha. Mnaosema kila jibu baya ni mchezo mnawapunguzia watu uzito wa maneno yao.

#22 Chaki Nyeupe

Nakazia la #21, na hasa la mwisho. Kiini cha tatizo ni kudhani mtu ana jibu moja limelala kichwani likisubiri kuokotwa. Wengi wetu jibu tunalitunga pale pale mlangoni.

#23 Nyota Njema

Chaki umenikumbusha "Sheria ya Mambo ya Umma ya 1975". Haijawahi kuwepo. George Bishop na wenzake waliwauliza watu kama ifutwe, na karibu theluthi moja wakatoa maoni. Mwaka 1995 gazeti la Washington Post likarudia kwa kuongeza viungo: nusu ya watu wakaambiwa Rais Bill Clinton, Mdemokrat, anataka ifutwe, nusu wakaambiwa Warepublikan bungeni ndio wanaotaka. Sheria hewa ile ile, wafuasi wakagawanyika kufuata jina walilolisikia.

Nilichojifunza: jina la rais au chama ndani ya swali ni kidokezo cha jibu. "Tangu Fulani aingie madarakani, nakisi ya bajeti imepanda?" na "Kati ya mwaka huu na ule, nakisi imepanda?" ni maswali mawili tofauti hata kama miaka ni ile ile.

#24 Kinara wa Kona

Na kwa dodoso za mtandaoni, ongezeni wanaotafuta jibu kwenye simu huku wanajaza. Clifford na Jerit wameandika juu ya hilo 2016. Ukiahidi pesa kwa jibu sahihi, si ndiyo umewaambia wakatafute? Sehemu ya pengo "lililopungua" inaweza kuwa vidole tu.

#25 Pima Kwanza

Kinara, sawa kabisa, ndiyo maana watafiti huweka muda mfupi kwa kila swali au huomba ahadi ya kutotafuta. Ahadi inasaidia, haimalizi.

#26 Mama wa Ripoti

Nimesoma yote kimya. Kazi yangu ni kuandika ripoti kutoka kwenye data hizi, na kuna jambo linanikosesha raha. Tuseme mmerekebisha kila kitu, pengo likabaki 5. Mnafikiri wafuasi wa vyama watakuwa wamekubaliana?

Gaines na wenzake waliwafuatilia watu wakati wa vita vya Iraq, kazi yao ilitoka 2007. Kuhusu idadi ya askari wa Marekani waliokufa, pande zote zilisahihisha makadirio yao vita vilivyoendelea. Kisha kila upande ukaitafsiri namba ile ile kivyake: wengine wakasema ni kubwa mno, wengine wakasema ni ndogo kwa vita ya namna hiyo. Mtafiti Martin Bisgaard aliona jambo linalofanana na hilo kwenye uchumi: hali ikiwa mbaya wazi, wafuasi wa serikali wanakubali ni mbaya, halafu wanabadilisha nani alaumiwe.

Ripoti yangu ikisema "pengo ni dogo" nitakuwa nimesema kweli na bado msomaji atakuwa amedanganyika.

#27 Bisha Hodi

Mama wa Ripoti, hilo ni swali la pili. Maana ya ukweli si ukweli wenyewe. Ukiyachanganya ndiyo tunarudi kwa Chaki na mfumuko wake.

#28 Mama wa Ripoti

Kwa mtafiti ni maswali mawili. Kwa mpiga kura ni pumzi moja.

#29 Kalamu Kavu

Wakuu, nashukuru. Nina nafasi ya kuchangia dodoso dogo miezi ijayo, na hivi ndivyo ninavyofikiria baada ya kuwasoma. Nusu ya watu wapate "sijui" inayosomwa, nusu wasipate. Baada ya kila jibu niulize una hakika kiasi gani. Maswali yawe na majibu yanayouma pande zote, kwa hisani ya Nyota. Jina la rais lisitajwe. Swali la kumkubali rais litangulie, ili hasira ya Mpita Mtaa ipate mlango wake.

#30 Mzee wa Mafaili

Mwanangu, kumkubali rais likitangulia, hujamkumbusha mtu chama chake kabla ya kumuuliza ajira?

#31 Kalamu Kavu

Mzee… hapo umenifunga. Likitangulia linamkumbusha, likifuata hasira imeshaingia kwenye swali la ajira.

#32 Mzee wa Mafaili

Ndiyo. Dada wa Kishikwambi, yule mzee wa redio, swali la chama ulikuwa umeshamuuliza?

#33 Dada wa Kishikwambi

Nimetafuta daftari langu la siku hizo. Chama lilikuwa swali la 3. Ajira lilikuwa la 11.

Na sikumaliza hadithi. Wiki iliyofuata ofisi ilifanya ukaguzi wa marejeo, wanapiga simu kwa wahojiwa wachache kuuliza maswali matano tena kuthibitisha kwamba kweli tulifika. Mzee alikuwa mmoja wao. Swali la chama halikuwemo, la ajira lilikuwemo. Alijibu "sijui", na aliyepiga simu hakurudia swali, akaiandika.

#34 Kalamu Kavu

Basi si ndiyo! Bila chama, "sijui" imerudi.

#35 Bisha Hodi

Au jirani hakuwepo. Au simu si sawa na baraza. Au hakurudiwa swali. Vitu vinne vimebadilika kwa pamoja, Kalamu, usichague kimoja.

#36 Mpita Mtaa

Dada, ofisi walifanya nini na majibu mawili?

#37 Dada wa Kishikwambi

Niliitwa nieleze kwa nini hayafanani, nikahesabiwa kosa moja. Kwenye faili la mwisho walibakisha lile la kwanza.